Nani Anafunga Mvua

Miti, tarehe 3 mwezi wa tisa 2023

Kaka yangu mupenzi Constantin, Papa Hugues,

Nakusalimia sana, wewe na Maman Hugues na watoto wote. Sisi huku tungali tunapumua, Mungu asifiwe. Mguu yangu ya kushoto inanisumbua, lakini hiyo si habari mupya. Wajukuu wangu, wale watatu Francine aliniachia, wako wazima, wanakula sawa nzige. Francine mwenyewe iko Bukavu, kule Cimpunda, anauza makala mbele ya mulango yake. Ile nyumba inainama kila mvua. Nilimwambia siku moja itamushukisha mpaka ku ziwa pamoja na biashara yake, akacheka. Padri mupya anahubiri Kifaransa mingi, tunaitika amina pale anapumua.

Telephone yako haipiti tangu Pasaka. Kila mara nakopa telephone ya jirani, na ule mwanamuke wa ndani ya telephone ananiambia hupatikani. Nimechoka kusalimiana naye. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Barua nitaiacha Bukavu kwa Kassim, ule shofere wa Uvira mwenye Fuso, anayepakia mizigo ku soko ya Kadutu. Amesema anapita Luvungi kila wiki na anakujua.

Sasa tuingie mu neno. Saison A, ile ya kupanda ya mwezi wa tisa, imefika. Mu jamaa yetu sihitaji kukufundisha: mbegu haiingii mu udongo mbele mukubwa wa nyumba hajatupa ya kwanza na mukono yake. Babu alifanya vile, papa alifanya vile, na tangu papa alitutoka ni wewe. Mwaka jana ulikuja, ukatupa, jua ikachoma. Mwezi wa pili ulikuja tena, ukatupa, mvua ya mawe ikapiga maua yote. Sikulaumu. Lakini mbegu ya maman, ile maharagi ya rangi-rangi, imebaki chungu moja ndogo. Maman alikuwa anajaza mapipa! Nimeichanganya na majivu, nimeifunga na jani ya mugomba, nimeiweka juu ya moto pale panya haifiki.

Kama hii haioti, hakuna ingine, Kaka. Soko ya Kadutu nimeizunguka yote, mpaka wauzaji wakaniuliza kama nimepoteza mutoto. Wanauza maharagi nyekundu ya ng'ambo, nzuri kwa macho, lakini ikiona udongo yetu inakufa kwa hasira. Wasomi wanaweza kusema mbegu ni mbegu. Mimi na wewe tulikomaa na hii.

Njoo mwezi huu. Nakungoja.

Mudogo wako,
Rosette


Luvungi, 24 mwezi wa tisa 2023

Mudogo wangu Rosette, Maman Francine,

Amani ya Bwana iwe mu nyumba yako. Barua yako ilifika na mafuta ya Fuso ku kila kona, lakini tuliisoma yote. Pole na mguu. Uipake majani ile maman alikuwa anaponda, si zile pomade za soko. Sisi tuko. Maman Hugues anakusalimia sana. Hugues amenipita urefu, na kiburi yake imempita yeye. Joto ya hapa unaijua, watu wanalala inje sawa mihogo ya kuanika.

Telephone ilianguka mu maji. Ni hiyo tu.

Juu ya kuja: wiki hizi siwezi. Kazi imenishika. Usiniulize mingi.

Nasikia mvua imeonekana kule kwenu. Usidanganyike nayo. Unakumbuka vile papa alikuwa anasema: mvua ikija bila kumbikumbi ni mugeni, haitalala. Ngojea kumbikumbi watoke. Hata hapa ku plaine tambarare, wazee wakikunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wanagombana kila jioni juu ya mvua. Mumoja anasema ni Mungu amechoka na sisi. Wa pili anasema ni wale wanaokata miti kuchoma makala. Wa tatu anasema ni antene za telephone zinapasua mawingu. Mimi nawapa wote haki, juu mu wale watatu hakuna mwenye amevuna.

Natuma ndagala kidogo kwa watoto. Chumvi utaongeza mwenyewe.

Usipande. Nitakuambia.

Kaka yako,
Constantin


Miti, 15 mwezi wa kumi 2023

Kaka,

Ndagala ilifika, Kassim hakuiba hata kichwa moja. Watoto walipiga makofi. Aksanti sana. Mguu inaendelea, majani nilipaka. Wa kwanza kati ya wajukuu amefukuzwa masomo, lakini si kwa ujinga, ni juu ya pesa ya masomo.

Ulisema kweli, na mimi nasema mbele ya Mungu: aksanti kwa kuwa na kaka mwenye kichwa ngumu. Wote waliopanda na ile mvua ya mugeni wamelia. Maharagi ilitoka, ikafungua majani mawili, halafu jua ikaipika pale pale imesimama. Jirani yangu wa juu alikaa mu shamba akalia kwa sauti sawa ku matanga. Na yangu ingali mu chungu! Niliona haya kufurahi, lakini nilifurahi.

Lakini sikia sasa. Kumbikumbi walitoka. Wachache, mu jua kali, bila mvua. Kuku walikula wote na mvua haikuja. Nilisimama pale nikasema: ee Nyamuzinda, Mungu wetu, kumbe hata wadudu umeanza kuwadanganya?

Tulikutana mu réunion ku paroisse, kwa padri. Agronome mumoja, mwalimu wa mashamba, alikuja, jina yake Charlène, mutoto mwema, anasalimia wazee vizuri. Akatueleza changement climatique, vile mvua na jua zimegeuka. Akasema ni moshi ya mausine na viwanda za Ulaya, za Amerika, za Chine, miaka na miaka, imefunika dunia sawa blanketi, njo maana saisons zimehama. Tulisikiliza sana. Halafu muzee mumoja mwanamuke akanyosha mukono, akauliza: "Kumbe mwenye kufunga mvua iko Ulaya? Sasa tutamwendea na fimbo gani?" Yo! Tulicheka mpaka machozi. Charlène naye alicheka, halafu akaangalia viatu vyake. Alituahidi mbegu ya kukomaa haraka. Hiyo haraka tungali tunaingoja.

Ku kurudi, wamama wakasema: Ulaya ni mbali, lakini kule ku marais, mu matope ya chini ya kilima, iko mutu wa karibu. Walikuwa wanasema Delphin, ule mugeni anayepiga matofali. Unawajua watu wa matofali, Kaka. Wanafunga fundo ku kamba ya mugomba, wanaizika chini ya tofali ya kwanza, na mvua haitaanguka mpaka kazi yao ikauke. Papa alikuwa hata hawasalimii.

Basi tulienda. Tulikuwa wengi, na mimi njo niliwasha wimbo. Tulichota maji ya marais na ndoo, tukamwagia yale matofali mabichi, tukakanyaga. Iliyeyuka sawa sukari. Fundo tulitafuta, hatukuiona, tuliona tu sandale ya zamani. Delphin hakupigana. Bibi yake alisimama na mutoto mugongoni, akatuuliza: "Mvua ikinyesha, sisi tutakula nini?" Nikamujibu: "Mukule matofali." Watu walicheka! Tangu mwaka ianze sijasikia roho yangu nyepesi vile. Kesho yake walihama na vitu vyao ku kichwa.

Sasa mwenye kufunga hayuko tena. Mvua itakuja. Acha hiyo kazi hata siku mbili, uje utupe mbegu.

Rosette


Miti, 5 mwezi wa kumi na moja 2023

Kaka,

Salamu. Tuko wazima. Naandika kidogo juu nimekasirika.

Siku ya Watakatifu Wote mvua ilikuja. Ndogo, ya kulowesha nywele, lakini ilikuja, na tangu pale inapitapita. Wenye mbegu wanapanda mara ya pili. Mimi naangalia chungu. Kila asubuhi naenda ku barabara kama vile natafuta kuni, kumbe natafuta kofia yako mu kila taksi inayotoka Bukavu.

Barua yangu ilifika, Kassim ameniapia. Nikamuuliza: alikuwa muzima? Akasema muzima, amejaa udongo mpaka ku masikio. Nikasema sawa, shamba yako ya mupunga iko na matope yake. Akaangalia pembeni, akaomba chai.

Kaka, kama nimekukosea, sema. Kama ni pombe, sema. Kama umeoa mwanamuke mwingine, sema, nitakutukana vizuri halafu utakuja. Saison haingojei aibu ya mutu. Watoto wanakula mara moja kwa siku. Ule wa mwisho, Nyota, aliniuliza kama ile ya mu chungu si chakula. Nikamupiga. Halafu mimi njo nililia, na yeye akaja kunipanguza.

Mudogo wako, kama ungali unakumbuka jina yake


Luvungi, 19 mwezi wa kumi na moja 2023

Rosette,

Salamu zote. Hii barua uisome ukiwa peke yako.

Mwezi wa ine muto Ruzizi ilitoka mu njia yake. Si vile tulizoea, ikuje, isalimie mashamba, irudi. Ilikuja na mbuzi za watu, na milango, na vitanda. Mupunga yangu ilikuwa imebakiza kidogo sana ikatwe. Ungeiona, Rosette. Ilikuwa inainama kwa uzito. Sasa shamba yenyewe haiko. Si kwamba imeharibika, haiko. Pale kuna muchanga na mawe, na mutu akiniuliza mupaka yangu ilikuwa wapi nashindwa kumuonyesha. Telephone haikuanguka mu maji. Maji njo ilikuja kuitafuta mu nyumba.

Sikukuambia. Mukubwa wa nyumba atalilia wapi? Ulikuwa unaniandikia sawa vile unaandikia papa. Niliona nikikuambia, utabaki bila mutu juu yako.

Tangu pale tunalala nyuma ya nyumba ya mutu. Kazi nilitafuta kila pahali, article quinze, ile ya kila mutu ajitafutie, unaijua. Nilipata moja tu. Napiga matofali.

Barua yako ya Delphin, Hugues njo alinisomea, juu moshi ya tanuru imeniharibia macho. Alisoma kwa sauti, Maman Hugues alikuwa anachekecha udongo karibu na sisi. Alifika pale uliposema mukule matofali. Akakunja barua, akatoka inje. Maman Hugues akachota udongo ingine. Aliendelea kuchekecha.

Mudogo wangu, nakuapia ku kaburi ya papa, hakuna fundo. Hakuna mutu alinionyesha. Nilimuuliza hata tajiri wa tanuru kwa siri, akanicheka. Lakini iko kitu moja ya kweli, na hii njo imenizuia kuja. Kila asubuhi nikitoka, kitu ya kwanza naangalia mawingu, na roho yangu inasema: isinyeshe. Leo isinyeshe. Juu ikinyesha, matofali inaharibika, na hatulipwi, na hatukuli. Mimi! Mutoto wa papa, mwenye kufungua saison. Asubuhi naomba jua kwa kinywa hii. Mangaribi nije kwako niombe mvua kwa kinywa gani? Na mbegu ya maman niishike na mukono gani?

Siwezi kucheza na ile chungu. Usiningojee tena. Tafuta mutu mwingine wa jamaa, mwenye roho moja.

Unisamehe. Usiambie watu wa Miti.

Constantin


Miti, 3 mwezi wa kumi na mbili 2023

Kaka yangu Constantin, Papa Hugues, mukubwa wangu,

Nakusalimia, na unisalimie Maman Hugues mara mbili. Umwambie neno yangu ya matofali nimeimeza, na haishuki.

Barua yako niliisoma nyuma ya choo sawa mwizi. Sijaambia mutu. Kwanza nilikukasirikia. Nyumba imeenda, shamba imeenda, na wewe unaniandikia "telephone ilianguka mu maji, ni hiyo tu"! Mwanaume akikaukiwa anafikiri akinyamaza atakuwa mubichi. Halafu nikajikasirikia mimi. Nilishuka mpaka ku marais kumutafuta ule bibi ya Delphin. Sijue nilitaka kumwambia nini. Hakuna anayejua walielekea wapi.

Halafu, Kaka, nilifanya kitu mubaya. Nilifurahi. Ndiyo, nilikaa ku kitanda nikafurahi. Nilisema: kumbe ni kaka! Kumbe mwenye kufunga ni mutoto wa maman yangu! Basi ni rahisi, nitamwandikia na yeye atafungua. Kaka, kama ni wewe, fungua. Sitakukasirikia hata kidogo, nitakupikia kuku. Nataka tu iwe mutu. Kama ni mutu, tutamuomba. Kama ni mababu, tutawamwagia kasiksi. Kama ni Mungu, tutapiga magoti mpaka ngozi itoke. Lakini kama ni ile moshi ya Charlène, ya watu wasiotujua hata jina, tutaongea na nani?

Nililala na hiyo furaha, asubuhi ilikuwa imeisha. Nakujua. Wewe huwezi kufunga hata mbuzi. Siku ya ndoa yangu mbuzi ya mahari ilikuponyoka mbele ya wakwe wote, ukaikimbilia mpaka Kavumu. Mvua njo ungeweza?

Wakandidati wa uchaguzi wanapita hapa na muziki kila siku. Wameahidi barabara, wameahidi umeme, wameahidi daraja hata pale hakuna muto. Mvua, hakuna aliyethubutu.

Sasa sikia vile nimekata. Mutu mwingine wa jamaa sitafuti, juu hayuko. Ile veste yako, koti nyeusi uliyoacha hapa ku matanga ya papa, ninayo. Kesho nitaivaa, nitaingia mu shamba, nitatupa mbegu ya kwanza mu jina yako. Papa akiuliza, aulize veste. Najua saison imepita. Najua mimi ni mwanamuke. Kidogo nitabakisha mu chungu, juu maman alisema chungu haimwagwi yote siku moja. Ingine yote inaingia mu udongo kesho.

Na wewe endelea kuomba jua kule kwako. Watoto wako wakule. Mimi nitaomba mvua huku. Mungu ni mukubwa, ataona vile atatugawanya.

Rosette wako


Bukavu, Cimpunda, 28 mwezi wa kumi na mbili 2023

Kaka,

Nakusalimia na heri ya Noeli iliyopita. Unaona nimeandika Bukavu hapo juu. Tuko kwa Francine, sisi wote, mu chumba moja. Maji ya jirani inapita chini ya kitanda yetu, ya sisi inapita kwa mwingine chini. Naandika juu ya gunia ya makala, unisamehe uchafu.

Nilivaa veste. Mikono yake ilinifika ku magoti, watoto walicheka mpaka wakaanguka. Nilitupa ya kwanza, nikasema jina yako, jina ya papa, jina ya maman, halafu nikapanda. Na ikaota, Kaka! Yote. Mvua ilikuwa inakuja kidogo kidogo, kwa adabu, sawa ile ya zamani. Nilikuwa naamka mbele ya kuku naenda kusimama pale pembeni. Nilikuwa naongea nayo. Jirani walifikiri nimeanza kuzeeka vibaya.

Siku ya ine mbele ya Noeli, saa za mangaribi, upepo ilitoka upande wa mulima Kahuzi. Mvua ikaanguka. Nilitoka inje na veste yako, nikanyosha mikono, nikacheza. Nasema kweli, nilicheza. Halafu ikazidi. Halafu ikazidi tena, haikuwa tena mvua, sijue niite nini. Watoto walianza kulia. Nilisikia shamba inatembea. Siyo maharagi, Kaka. Shamba. Ule udongo mweusi papa aliulea na majani ya migomba maisha yake yote, uliteremka kilima mzima mzima mbele ya macho yangu, ukaenda kulala mu marais. Nilikimbia nikashika kwa mikono. Mutu anashika udongo aje?

Asubuhi ilibaki ile chini, nyekundu, ngumu. Nilipiga jembe, jembe ikanirudia.

Watoto hawakuwa wamekula tangu jana yake. Niliangalia chungu. Niliangalia pale shamba ilikuwa. Mbegu bila udongo ni nini, Kaka? Uniambie wewe mukubwa. Nilichambua majivu, nikaosha mara tatu, nikapika na chumvi na mafuta ya mawese. Nilikoroga nikiangalia ukuta. Walikula, wakalamba sahani, halafu Nyota akaniuliza: "Koko, juu ya nini ulikuwa unatuficha kitu tamu hivi?"

Mimi sikuonja. Nilishindwa.

Sina mutu wa kukasirikia. Ningekuwa na hasira ningekuwa na nguvu kidogo. Nimefunga nyumba na kamba, juu kufuli Francine anaihitaji huku. Nabeba makala, nashinda ku mulango, wateja wananiita maman. Kilima sitarudi. Usiandike tena Miti, Kaka, hakuna mutu wa kusoma.

Rosette


Luvungi, 30 mwezi wa kumi na mbili 2023

Kwa mudogo wangu Rosette, Maman Francine, kule Miti,

Heri ya Noeli na heri ya mwaka mupya! Nakusalimia kwa nguvu, na watoto wote, na mguu yako pia. Maman Hugues alisikia neno ulimutumia. Akasema: "Mwambie imeshuka." Basi tuiache.

Barua yako ya veste njo ya mwisho nimepata, ilifika wiki moja mbele ya Noeli. Hugues aliisoma mara na mara. Pale pa mbuzi ya mahari nilicheka mpaka nikakohoa, na sikuwa nimecheka tangu muto itoke mu njia. Tangu pale sijapata ingine, lakini najua uko na kazi ya kupalilia.

Sasa nikupe habari. Siku ya ine mbele ya Noeli nilikuwa ku tanuru. Tulikuwa tumepanga matofali mabichi ya wiki nyingi, bado kuyawashia moto. Mangaribi nikaona mawingu inatoka upande wa kwenu, nyeusi, nzito. Wenzangu wakakimbia kutafuta mahema na majani ya migomba ya kufunika. Tajiri alikuwa anapiga kelele. Ikaanguka, Rosette! Yale matofali yote ilirudi udongo mbele yetu. Malipo ya mwezi mzima haiko. Na mimi nilisimama katikati ya ile mvua, mikono nimeinyosha, nikacheka. Watu walisema Constantin amepata kichaa. Maman Hugues alikuja kunivuta na kanga. Nikamwambia: niache, hii mvua haikuja kwangu, iko inapita kwa Rosette.

Kassim alipita kesho yake, nikamuuliza kama ilifika huko juu. Akasema ilipiga mpaka Miti, mpaka Kavumu, na nguvu sana. Nikamununulia chai.

Nimefikiri hivi. Ulitupa mu jina yangu, basi kuvuna nitakuja mimi mwenyewe. Mwezi wa pili, hata kwa miguu. Mbegu tutachagua pamoja, ile nono yote irudi mu chungu, saison inayokuja tupande ya sisi na tugawie jirani wako wa juu. Lakini ya kwanza kuiva unipikie sahani moja, na ndizi, sawa vile maman. Nimeanza kuisikia ku ulimi, sikudanganyi.

Matofali tutapiga ingine. Hiyo si kitu.

Wakati huu miche ingali laini na udongo imelowa. Uwaambie watoto wasipite katikati ya shamba. Wapite pembeni.

Kaka yako,
Constantin